Stempu ya Ardell

Kwa miaka kumi na minane Verla Timm alimnyima Orrin Bode stempu moja, na hakukuwa na mtu katika Kaunti ya Tanner asiyelijua jambo hilo. Orrin alikuwa akiingia katika posta ya Ardell, anavua kofia, anapangusa viatu, kisha anasema, "Leo je, Verla?"

Naye Verla, posta masta, nyuma ya dirisha lake lenye nondo za shaba, anamjibu bila kuinua macho, "Umeleta kibali?"

"Sijaleta."

"Basi nunua stempu za kawaida kama waja wengine wa Mungu, ukalishe ng'ombe wako."

Waliokuwa kwenye foleni walicheka, na Orrin alicheka pamoja nao. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Alimheshimu Verla zaidi kwa kumkatalia kuliko ambavyo angemheshimu kwa kumpa.

Stempu yenyewe haikuwa ya ajabu. Wenye barua nyingi za kutuma, kama wauza mbegu na makanisa, walikuwa wakichukua kibali, na posta inawauzia stempu ambazo tayari zimepigwa jina la mji na la jimbo kati ya mistari miwili, ili zisisubiri kupigwa muhuri zikishabandikwa. Watu wa kule waliziita stempu za jina. Zilifika na karatasi zao, zikasomwa, zikatupwa motoni. Orrin ndiye aliyezikusanya. Hakutaka za Marekani nzima, wala za Nebraska nzima. Alitaka za kaunti yake tu, moja kutoka kila posta iliyowahi kuwa na muhuri huo, na posta hizo zilikuwa kumi na sita. Ya Gilead aliipata chini ya zulia la plastiki jikoni kwa shangazi yake. Ya Stroud aliipata kwa kubadilishana na ndama, na mkewe Hedwig hakusema naye siku tatu. Kufikia mwaka aliostaafu kuendesha basi la shule alikuwa na kumi na tano.

Ya kumi na sita ilikuwa ya Ardell, maili nne kutoka nyumbani kwake.

Pale Ardell mtu mmoja tu alikuwa amepata kibali, mzee Haase wa kituo cha vifaranga. Kila mwisho wa baridi alituma kadi kuwaambia wakulima siku ya kuja kuchukua vifaranga vyao. Alizituma miaka mitatu, kuanzia 1958 hadi 1960, kisha akafa na kituo kikafungwa. Orrin alianza kukusanya mwaka 1961. Alikuwa amechelewa mwaka mmoja. Alipanda kwenye dari za watu, akapekua makabati ya wajane, akauliza, akajibiwa kwamba hakuna mtu anayeweka kadi ya kifaranga. Wakati huo wote muhuri wa mpira ulikuwa kwenye droo ya Verla, na Verla hakuugusa, kwa sababu kanuni ilisema stempu za jina ni za mwenye kibali.

Mwaka 1979 posta ya Ardell ilifungwa. Verla alifungasha mizani, funguo, bendera na mihuri, akaandika orodha, akatia sahihi, akavituma vyote mjini kama alivyoagizwa. Miaka mitatu baadaye, alipokuwa akitafuta sindano, alitia mkono katika mfuko wa aproni yake ya kazi iliyokuwa ikining'inia nyuma ya mlango wa stoo, na vidole vyake vikakuta mpini wa mbao. Ulikuwa ule muhuri. Alishtuka. Akasema ataupeleka Jumatatu. Jumatatu hiyo haikufika, na muhuri ukalala katika kopo la vifungo.

Hapo dhambi ilikuwa bado mbegu tu.

Kisha Hedwig Bode akafa, Januari 1985. Orrin alikaa kwenye kiti kimoja kando ya dirisha la jikoni, na watu wa kanisa walipomletea viazi vya kuoka aliwashukuru na kuviacha mezani. Verla alipokwenda kuosha vyombo aliziona albamu za stempu za Orrin zina vumbi. Hata kile kitabu chake kidogo kilikuwa kimelala. Miaka mingi Orrin alikuwa akiandika kwa penseli habari za stempu za jina za Kaunti ya Tanner, kila posta, kila muhuri, nani alikuwa na kibali na mwaka gani, na chama cha wakusanya stempu kilikuwa kimeahidi kukichapa. Verla alifunua albamu kwenye ukurasa wa mwisho. Palikuwa na neno "Ardell" kwa penseli, na chini yake mraba mtupu.

Ilikuwa siku za Kwaresima. Verla alirudi nyumbani akafanya lile ambalo miaka kumi na minane hakulifanya. Alikuwa bado na bunda la kadi za Haase ambazo hazikutumika, akiziandikia orodha za vitu vya dukani. Akachukua moja, akaandika kwa penseli jina la Emil Rabe, mkulima aliyekufa bila mtoto wala mrithi. Akatafuta stempu ya senti tatu kwenye droo yake. Akajaribu muhuri kwenye gazeti mara nne, kisha akaupiga juu ya stempu, wino mweusi, mistari miwili, ARDELL NEBR. Stempu za jina hazina tarehe. Hakuna wa kuuliza zilipigwa lini.

Alijiambia ni huruma, na kweli huruma ilikuwamo. Lakini gazeti lile la majaribio alilichoma kabla wino haujakauka.

Kadi ile akaichomeka katikati ya kadi kuukuu za Krismasi, kwenye sanduku la mauzo ya vitu vilivyotumika ya kanisa, akaliweka sanduku chini ya meza ya kushoto. Ukimjua mtu muda mrefu unajua mkono wake unaanzia wapi. Orrin alipoikuta hakupiga kelele. Aliketi kwenye kiti kidogo cha watoto wa Shule ya Jumapili, magoti yakafika kifuani, akabaki ameishika. Baadaye alimjia Verla kwenye meza ya keki.

"Verla. Tazama hii."

Verla akatazama. "Kumbe ilikuwepo," akasema.

Uongo wote aliomwambia kwa mdomo ulikuwa maneno hayo mawili. Orrin aliinuka kutoka kwenye kile kiti cha dirishani. Akapangusa albamu, akanoa penseli, na kufikia vuli ya 1986 kitabu kilikuwa kimekamilika.

Mkutano wa Oktoba wa chama ulifanyika kama kawaida katika chumba cha chini ya maktaba ya Corliss. Orrin alimwomba Verla aje. "Uje uone ukurasa wako," alimwambia, "na ukija na pai hakuna atakayekufukuza." Akaja na pai mbili za cheri.

Katibu wa chama alikuwa Duane Kessel, mwalimu wa useremala katika shule ya sekondari, mtu mpole anayepima kila kitu mara mbili. Yeye ndiye aliyekuwa akitayarisha kitabu kwa ajili ya kuchapwa. Alikuwa akipitia albamu ukurasa kwa ukurasa, na alipofika wa mwisho alirudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena.

"Bwana Bode, naomba hii ya Ardell niitazame vizuri."

"Itazame ushibe. Mimi nimeitazama mwaka na nusu na haijapungua."

Watu walicheka. Duane aliinamisha kioo chake cha kukuzia. "Posta ya Ardell ilifungwa lini?"

"Sabini na tisa. Muulize mwenyewe, yule pale anakata pai."

"Juni tarehe thelathini," Verla akasema.

"Na Haase aliacha lini kutuma kadi?"

"Mwaka wa sitini. Imo kitabuni, ukurasa wa sita. Kijana, unanipa mtihani?"

Duane hakuinua kichwa. "Picha hii ya kigari cha reli, Bwana Bode. Stempu hii ilitoka themanini na tatu."

Orrin alichukua kioo. Verla aliona masikio yake yakianza kuwa mekundu, kwanza kwenye ncha, kisha yote.

Naye Verla akaelewa alichokifanya. Maisha yake yote dirishani watu walimwambia, nipe za senti tatu, nipe za senti nane, naye alikata na kutoa. Kwake stempu ilikuwa bei. Hata siku moja hakuwahi kutazama picha. Na Orrin, mkusanyaji, hakutazama picha vilevile, maana wa aina yake hutazama jina la mji. Mmoja aliona bei, mwingine aliona jina, na kile kigari kikapita katikati yao mchana kweupe.

"Nimeipata kanisani," Orrin alisema taratibu. "Kwenye sanduku. Watu walikuwepo."

Sauti moja ikatoka viti vya nyuma, wala haikuwa ndogo sana. "Robo karne ya njaa, mtu hula hata alichojipikia mwenyewe."

"Nani amesema hivyo?" Orrin akageuka. "Aseme akiwa amesimama."

Hakuna aliyesimama. Duane akafunga albamu kwa uangalifu. "Mimi sisemi ni wewe," akasema. "Lakini kitabu hiki watu watakitegemea. Siwezi kuchapa kitabu cha mtu ambaye ukurasa wake mmoja ni wa uongo mpaka nijue uongo umetoka wapi. Na chama kina kanuni yake, unaijua, wewe ndiye uliyeiandika. Mwenye kuonyesha kitu cha kughushi anaondolewa. Tukutane wiki tatu zijazo. Lete maelezo yoyote utakayopata."

Verla alikuwa amesimama na kisu ndani ya pai. Maneno yote alikuwa nayo, yamepangwa, manne au matano yangetosha. Akafungua kinywa.

"Nani anataka kahawa?" akasema.

Orrin alimrudisha nyumbani kwa pikapu yake. Mahindi yalikuwa yamekatwa nusu, na mashine ya kuvunia ilikuwa bado inaunguruma upande wa shamba lililokuwa la Rabe. Walipofika kwenye daraja Orrin alisema, "Kama kuna mtu alinitega, basi mtu huyo ananijua sana."

Verla alitazama mashamba.

Jumapili aliungama pamoja na kanisa zima, kama kila Jumapili. Aligundua jinsi ilivyo rahisi kuungama ukiwa katikati ya watu mia na ishirini, kila mmoja akisoma mistari ileile. Dhambi ya wote haina mwenyewe. Safu mbili mbele yake palikuwa na kisogo cha Orrin, nywele nyeupe zilizokatwa vibaya tangu Hedwig alipoondoka, na kila waliposema tumekosa, kisogo kile kiliinama kwa makosa ya kwake mwenyewe, ambayo Verla hakujua ni yapi, na ambayo hakika hayakuwa mazito kama la kwake.

Jumatano wanawake walikutana kushona mablanketi ya misheni. Nelda, dada wa marehemu mume wa Verla, hakungoja hata uzi uingie sindanoni.

"Wifi, umesikia habari za Orrin wako?"

"Si wangu."

"Wa nani basi? Wanasema amejichongea muhuri. Mimi sishangai. Mwanamume akifiwa na mke huanza kuzungumza na mbwa, kisha anaishia kughushi."

Wanawake walicheka, si kwa ubaya. Verla aliukata uzi kwa meno. "Orrin hawezi kufanya jambo kama hilo."

"Umejuaje?"

"Najua tu."

"Basi nenda ukawaambie wewe. Si ndiwe uliyekuwa serikali ya Ardell? Mbele yako hata mende walikuwa wanahitaji kibali."

Walicheka tena, na safari hii Verla naye alicheka.

Aliomba. Kuomba kulikuwa desturi yake tangu utotoni, asubuhi kabla ya kahawa na usiku kabla ya taa. Lakini siku zile sala zake zilikuwa na mawakili ndani. Alianza kwa kusema, Bwana, nimekosa, na kabla hajafika Amina alikuwa ameshaeleza kuhusu kiti cha dirishani, viazi vilivyoachwa, vumbi la albamu. Akimaliza anajikuta hajaomba msamaha. Amejitetea tu, mbele ya Mmoja ambaye hakuwa amemwuliza chochote.

Jumanne ya wiki ya mwisho, saa nne asubuhi, Orrin alibisha mlango wa jikoni, kama kawaida yake ya kila Jumanne. Alikuwa na karatasi iliyopigwa taipu ndani ya bahasha, na alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mkutano.

"Weka kahawa, Verla. Duane amenipa njia."

Akamsomea. *Mimi, Verla Timm, niliyekuwa posta masta wa Ardell, nathibitisha kwamba vifaa vyote vya posta hiyo, ukiwemo muhuri wa stempu za jina, vilirudishwa mwaka 1979.*

"Basi," Orrin akasema. "Sahihi yako hapo chini, na mambo yamekwisha. Kama muhuri ulirudi, aliyetengeneza ile stempu alichonga mwingine. Na mimi," akanyoosha mikono yake juu ya kitambaa cha meza, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, "mimi siwezi kuchonga hata kijiko. Duane anajua. Kitabu kitachapwa na jina langu litabaki mahali pake."

"Na huyo aliyetengeneza?"

"Mungu amsamehe, simjui." Akanywa kahawa. "Unajua kuna waliosema labda ni wewe ulinipa muhuri? Nilicheka mpaka nikakohoa. Niliwaambia, jamani, mwanamke huyu alininyima stempu miaka kumi na minane kwa sababu sina kibali. Neno lake kwenye karatasi lina uzito kuliko kiapo changu."

Verla alishika kalamu. Karatasi ilikuwa nyeupe na mstari ulikuwa unangoja. Jina moja tu, na Orrin angekuwa salama, naye angekuwa salama, na uongo huu wa pili ungeufunika ule wa kwanza kama mfuniko unaoenea sufuria yake.

"Niachie niisome vizuri," akasema.

"Soma. Mkutano ni Alhamisi." Akacheka, akachukua kofia. "Hata leo unataka kuhakikisha kanuni. Ndiyo maana nakuamini."

Orrin alipoondoka, Verla aliketi palepale na kuinamisha kichwa. Bwana, alisema, karatasi hii itamsaidia. Bwana, yeye ndiye anayeitaka. Bwana, hakuna atakayeumia. Aliyasikia maneno yake mwenyewe kama yanavyosikika maneno ya mtu mwingine dirishani, na akatambua kwamba alikuwa akimwomba Mungu atie sahihi kama shahidi wa pili.

Akainuka. Akamwaga vifungo mezani, akachukua muhuri, akauzungushia karatasi ya mkate, akavaa koti. Hakuomba tena njiani. Aliogopa kwamba akianza angepata sababu ya kugeuza gari.

Orrin alikuwa anakula supu. Alimwona mlangoni, akataka kusimama.

"Kaa," Verla akasema. Akaweka kifurushi mezani, kando ya bakuli. "Karatasi yako sikuitia sahihi. Fungua hiki."

Akafungua. Akaugeuza muhuri, akasogea kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya herufi zilizogeuka. Kwa muda mfupi, labda pumzi mbili, uso wake ukawaka. Miaka yote ile hakuwahi kuuona. Aliutazama kama mtu anayemwona jamaa aliyesikia habari zake tu.

"Ndio wenyewe," akasema. "Ulikuwa mpana kuliko nilivyodhani. Umeupata wapi?"

Kisha akamtazama Verla usoni, na mwanga ule ukazimika.

"Ni mimi, Orrin. Ulibaki kwenye aproni yangu, nikauona baadaye, sikuurudisha. Kadi ilikuwa ya bunda langu. Jina la Emil Rabe niliandika mimi. Sanduku niliweka mimi chini ya meza ya kushoto."

Orrin aliuweka muhuri chini, polepole, kama kitu chenye moto. "Ulikuwa unakata pai," akasema. "Yule mjinga aliponisema, ulikuwa umesimama pale na kisu."

"Ndiyo."

"Ukauliza nani anataka kahawa."

"Ndiyo."

Orrin alikamata kijiko, akakiacha. "Kwa nini?"

"Ulikaa kwenye kiti kile tangu Hedwig alipokufa. Nilitaka uinuke."

"Niliinuka."

"Uliinuka."

"Sasa nieleze, Verla. Niliinuka kwa sababu ya nini?"

Alikuwa amekuja na maneno ya kuungama na hakuleta mengine.

"Kila uliponikatalia," Orrin akasema, "nilikuwa nakwenda nyumbani namwambia Hedwig, amenikatalia tena yule. Tunacheka. Miaka mingine hicho ndicho kitu pekee tulichokichekea. Ule mraba ulikuwa mtupu, lakini ulikuwa wetu. Nilipoujaza nilikwenda kaburini kumwambia. Unajua? Nilikwenda na albamu kwapani, kwenye matope, nikamsomea."

Verla alijua kwamba hapo angelia kama angejiruhusu, na akajizuia, maana kulia kungemlazimisha Orrin kumbembeleza, naye alikuwa ameshamchukulia vya kutosha.

"Utasema Alhamisi?" Orrin akauliza.

"Nitasema."

"Mbele ya wote, si pembeni kwa Duane."

"Mbele ya wote. Na kesho muhuri naupeleka mjini mwenyewe, na barua. Watakalonifanya na wanifanye."

Akausukuma muhuri kwake kwa ncha ya kidole. "Basi nenda. Supu yangu inapoa."

Alhamisi Verla alisimama kabla mkutano haujafunguliwa, kwa sababu aliogopa kwamba akiketi atabaki ameketi. Alisema yote kwa mfululizo, akitazama ukutani ambako palikuwa na ramani ya kaunti. Hakutaja huruma. Hakutaja Kwaresima. Alisema jina lake lote mwanzoni na tena mwishoni, kama anavyotaja mtu mbele ya hakimu. Mle ndani kulikuwa na watu kumi na wawili, wengi wao aliwahi kuwauzia stempu.

"Leo hukuleta pai?" sauti ileile ya nyuma ikauliza.

"Clifford, nyamaza," Duane akasema. Akamgeukia Orrin. "Bwana Bode, chama kinakutaka radhi. Mimi pia."

Orrin alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Alichukua kibano chake, akaitoa ile kadi kwenye albamu bila kukunja hata kona, akampa Duane aiweke kwenye faili la vitu vya kughushi. Hakumtazama Verla. Hakumrudisha nyumbani pia. Verla alikuwa amekuja na gari lake, na alilitarajia hilo, lakini alipofika kwenye daraja alijikuta amepunguza mwendo pasipo sababu.

Wiki zikapita. Kutoka mjini ilikuja barua fupi kwamba muhuri umepokelewa na utaharibiwa, wala haikusema neno lingine, na Verla aliona kwamba kutoadhibiwa nako kuna uzito wake. Kanisani Orrin alimwamkia kama alivyowaamkia wote. Asubuhi ya Jumanne, saa nne, Verla alizoea kusikiliza. Mlango wa jikoni ulinyamaza.

Januari, theluji ikiwa imefika dirishani, ulibishwa. Orrin alisimama kizingitini amevaa koti zito, na mkononi ana karatasi ya majaribio kutoka kwa mchapaji.

"Ukurasa wa sita," akasema. "Usome kabla haujachapwa. Naweza kuandika 'mtu fulani' badala ya jina. Duane amesema hivyo pia inakubalika."

Verla akavaa miwani.

*ARDELL. Muhuri wa mpira. Kibali: kituo cha vifaranga cha Haase, 1958 hadi 1960. Hakuna nakala halali inayojulikana. Nakala moja ya kughushi, kwenye stempu ya 1983, ilitengenezwa na aliyekuwa posta masta, Bibi V. Timm, ambaye aliungama mwenyewe.*

Alisoma mara mbili. Kitabu kile kingekaa kwenye maktaba ya Corliss na mikononi mwa watu ambao hawakuzaliwa bado, na jina lake lingekuwa humo, mahali pamoja tu, kwa jambo moja tu.

"Jina liache," akasema. "Haya ya mwisho yafute. 'Ambaye aliungama mwenyewe.'"

"Kwa nini? Si kweli?"

"Ni kweli, lakini yanasomeka kama sifa. Nilikaa wiki tatu, Orrin, na wewe ukasemwa wiki tatu."

Orrin aliitwaa karatasi, akaiegemeza kwenye ubao wa mlango, akatoa penseli kifuani. Vidole vilikuwa vigumu kwa baridi, akaandika polepole, kisha akamwonyesha. Hakuwa amefuta. Alikuwa ameongeza: *baada ya wiki tatu.*

"Hivyo?"

Verla alisoma tena mstari wote. "Hivyo," akasema.

Orrin akaikunja karatasi, akaitia ndani ya koti.

"Kahawa iko motoni," Verla akasema.

"Leo hapana."

Akavaa kofia na kushuka ngazi hatua kwa hatua kwa sababu ya barafu, naye Verla akasimama mlangoni, baridi ikiingia jikoni, akimwangalia asije akaanguka, mpaka Orrin alipokamata mlango wa pikapu.